Tathmini ya sysstat: shahidi mzuri wa seva, mradi aitwe mapema

Msimamizi wa seva katika miji yetu ni nadra kuulizwa seva inafanya nini sasa hivi. Swali analoletewa, mara nyingi kwa simu na kutoka kwa mtu ambaye amekwisha kukasirika, ni kwa nini mfumo ulikuwa mzito jana asubuhi wakati wateja walipokuwa wamejaa kaunta. Programu ya top, ambayo karibu kila mtu huikimbilia kwanza, haina la kusema hapo, kwa sababu huonyesha hali ya sasa tu na haihifadhi chochote. Pengo hilo ndilo linalozibwa na sysstat, mkusanyiko wa programu ndogondogo ninaoutumia kusimamia seva ya sacco moja hapa Kisumu na nyingine ya muuzaji wa jumla wa nafaka kule Nakuru. Hukumu yangu naitoa mapema: hakuna seva ya Linux inayopaswa kuanza kazi bila kuwa nayo, lakini jinsi inavyokuja ikiwa haijarekebishwa haitoshi, na anayeitumia hivyo ataishia kudanganywa na wastani.

Amri ya sar, ambayo ndiyo roho ya mkusanyiko huu, ilizaliwa katika Unix ya System V ya AT&T, na ndiyo maana waliofanya kazi na Solaris, HP-UX au AIX huijua kabla hawajaigusa Linux. Toleo la Linux liliandikwa na Sebastien Godard na hutolewa chini ya GPL, leseni ya programu huria, kwa hiyo hakuna senti inayolipwa. Ndani yake mna sadc, inayosoma hesabu za kerneli (moyo wa mfumo wa Linux) kutoka folda ya /proc na kuziandika katika faili ya siku. Mna sar yenyewe, inayoisoma faili hiyo na kuipanga iwe jedwali. Mna sadf ya kuitoa katika miundo mingine. Na mna mpstat, iostat na pidstat za kutazamia mambo yanapotokea. Mzigo wake kwa seva ni mdogo mno, kwa kuwa sadc huamka, husoma, huandika, kisha huondoka. Kwa ofisi zetu nyingi, ambako seva ni mashine iliyonunuliwa miaka mingi iliyopita na ambayo bado inategemewa na watu wote, sifa hiyo si ndogo.

Malalamiko yangu ya kwanza yanahusu usakinishaji. Kwenye Debian na Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, amri moja ya apt huisakinisha programu, lakini kwa kawaida ukusanyaji wa takwimu hubaki umezimwa mpaka ufungue faili ya /etc/default/sysstat na kubadilisha ENABLED kutoka "false" kuwa "true", kisha uanzishe huduma upya. Mtu asiyejua hilo husakinisha, hutulia akidhani analindwa, na siku ya matatizo huandika sar na kuambiwa kwamba faili haipo. Najua hoja ya waliopanga hivyo, kwamba si kila anayetaka iostat anataka pia diski yake iandikwe kila mara, lakini kwa chombo ambacho thamani yake yote imo katika yale kiliyoyaandika kabla hujakihitaji, huo ni uamuzi mbaya. Familia ya Red Hat hupanga mambo vizuri zaidi katika muda wa kuhifadhi pia: huko kumbukumbu hukaa siku 28, ilhali Debian huzitunza siku 7 tu. Siku saba hazitoshi kwa sacco, kwa sababu mzigo wake hufuata mwezi, na anayetaka kujua kama mwisho wa mwezi huu ulikuwa mzito kuliko uliopita anahitaji kuona miezi yote miwili. Thamani hiyo hubadilishwa kwa jina la HISTORY katika faili ya mipangilio, na ukivuka 28 programu yenyewe hupanga faili katika folda za kila mwezi ili sa05, yaani faili ya tarehe 5, ya mwezi huu isifute sa05 ya mwezi uliopita.

Tuje kwenye usomaji, ambako ndiko chombo hiki kinapata sifa zake na ndiko pia wengi hupotea. Amri ya sar -u hutoa safu za %user, %nice, %system, %iowait, %steal na %idle. Mbili za pembeni hueleweka haraka: %user ni muda ambao prosesa ilitumikia programu za watu, na %idle ni muda iliokaa bila kazi. Safu inayohitaji uangalifu ni %iowait. Wengi huisoma kana kwamba ni kazi ambayo prosesa inaifanya, kisha huenda kumshauri mwenye biashara anunue prosesa yenye nguvu zaidi. Ukweli ni kinyume: %iowait ni muda ambao prosesa ilikuwa bure kabisa, ila kulikuwa na ombi la kusoma au kuandika ambalo diski ilikuwa haijalikamilisha. Prosesa mpya katika hali hiyo itasubiri tu kwa kasi zaidi. Tena, kwa mashine yenye viini vingi, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba, namba hiyo si ya kutegemewa sana hata na waliotunga kerneli wenyewe, kwa hiyo naichukulia kama kidole kinachoelekeza kwenye diski, kisha naenda kuthibitisha kwa sar -d au iostat -x, nikitazama safu za muda wa kusubiri wa kila ombi. Safu ya %util ya hapo nayo isiogopeshe mtu bure: kwa diski ya kizamani inayozunguka, asilimia 100 ni ishara kwamba imejaa, lakini kwa SSD, inayohudumia maombi mengi kwa pamoja, inaweza kufika hapo na bado ikawa na nafasi kubwa.

Pale sacco, makarani walisema kwamba kila siku, baada ya kufungua, mfumo wa mikopo hukwama kwa muda kisha hurejea wenyewe. Kabla yangu, fundi aliyekuwa akiwahudumia alikuwa amekwisha kupendekeza seva mpya. Faili za sar za siku kadhaa zilizofuatana zilionyesha jambo moja: %user ilikuwa ya chini asubuhi nzima, lakini mnamo 06:00 %iowait ilipanda ghafla na kukaa juu kwa karibu nusu saa, na sar -b ilionyesha usomaji mkubwa wa diski katika dirisha hilohilo. Hakuna karani anayekuwa kazini alfajiri hiyo. Jibu lilikuwa kwamba saa ya seva ilikuwa ya UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu, na kazi ya kutengeneza nakala rudufu ya hifadhidata ilikuwa imepangwa 06:00 na mtu aliyefikiri kwamba hiyo ni saa kumi na mbili asubuhi ya Kisumu, kabla ofisi haijafunguliwa. Kumbe ilikuwa ikianza saa tatu kamili, foleni ikiwa imefika mlangoni. Kazi ilihamishiwa usiku, na seva ileile ya zamani inaendelea.

Hapo sar inastahili pongezi na lawama kwa pamoja. Pongezi ni kwamba ukiiandika kwa kutanguliza TZ=Africa/Nairobi itakuonyesha nyakati za hapa kwetu bila kugusa saa ya seva. Lawama ni kwamba faili zenyewe bado hukatwa kwa siku ya seva, kwa hiyo kwenye mashine ya UTC faili ya "leo" huanza saa tisa usiku wa Kenya, na anayetafuta tukio la saa nane usiku wa kuamkia leo lazima akumbuke kufungua faili ya jana kwa -f. Ongeza kwamba kwa mipangilio mingi ya lugha jedwali hutoka na AM na PM wakati vichujio vya -s na -e (saa ya kuanzia na ya kuishia) hutaka mtindo wa saa 24, na utaona kwa nini mimi huweka S_TIME_FORMAT=ISO katika kila akaunti ya usimamizi ili nisisome saa kwa mitindo miwili.

Kasoro kubwa kuliko zote imo katika muda wa sampuli. Kwa kawaida sadc huandika kila baada ya dakika 10, na kila mstari wa jedwali ni wastani wa dakika hizo zote. Prosesa ikibanwa kabisa kwa sekunde 40 kisha ikapumzika, mstari utasomeka kama asilimia saba tu, na msimamizi atamwambia karani kwamba kulikuwa na utulivu ilhali karani alikuwa amekodolea skrini iliyoganda. Wastani wa maji ya mto Nyando kwa mwaka mzima hauwezi kumweleza mkazi wa Kano siku ambayo mafuriko yaliingia nyumbani kwake. Dawa ni kupunguza muda hadi dakika moja au mbili, jambo ambalo huongeza ukubwa wa faili lakini si kwa kiasi cha kutishia diski yoyote ya leo. Kwenye mifumo mipya ratiba imo katika kipima muda cha systemd (programu inayosimamia huduma za Linux) kiitwacho sysstat-collect.timer, nacho hubadilishwa kwa systemctl edit; mtu aangalie kwamba anatanguliza mstari mtupu wa OnCalendar= kabla ya kuandika ratiba yake, la sivyo ratiba ya zamani hubaki na mpya huongezwa juu yake. Kwenye mifumo ya zamani ratiba imo katika cron, kipanga kazi cha tangu zamani, na huko mabadiliko ni ya mstari mmoja.

Wastani wa aina ya pili hufichwa katika idadi ya viini. Seva ya Nakuru ina viini vinne, na kwa muda ripoti ya mauzo ya mwisho wa siku ilikuwa ikichukua muda mrefu ilhali sar -u ilionyesha prosesa ikitumika kwa robo tu. Robo ya vinne ni kimoja: ukiandika sar -P ALL unaona kiini kimoja kimejaa hadi juu na vitatu vikiwa vimelala, kwa kuwa programu ya ripoti ilitungwa ifanye kazi yake yote kwenye kiini kimoja kwa wakati. Kuongeza viini kusingeisaidia kwa lolote. Naona ni upungufu kwamba sar haianzi na mtazamo huo, hasa siku hizi ambapo hata seva ya bei ya chini huja na viini kadhaa.

Seva hiyohiyo ya Nakuru ni ya kukodi, yaani ni sehemu tu ya mashine kubwa iliyogawanywa kwa wapangaji wengi katika kituo cha nje ya nchi, na kwa mashine za namna hiyo safu ya %steal ina thamani kuliko zote. Huonyesha muda ambao seva yako ilikuwa na kazi tayari lakini mashine mama ilikuwa ikimhudumia mpangaji mwingine. Jioni kadhaa safu hiyo ilipanda mpaka ikawa ndiyo maelezo pekee ya ucheleweshaji, na hakuna programu yoyote ndani ya seva ambayo ingelaumiwa. Jedwali la sar lilitosha kuwa ushahidi wa kuombea kuhamishiwa mashine nyingine, na baada ya kuhama safu ikarudi sifuri. Bila kumbukumbu za nyuma, mazungumzo ya aina hiyo na mwenye huduma huwa ni neno lako dhidi ya lake.

Kuna faida moja ambayo sijaona ikitajwa sana, na ambayo sisi wa magharibi mwa nchi tutaithamini. Kila seva inapoanza upya, sysstat huandika katika faili ya siku mstari wa LINUX RESTART. Umeme ukikatika usiku na betri ya akiba ikaisha nguvu, asubuhi unaweza kusoma sampuli ya mwisho iliyoandikwa na saa ya kurejea, ukajua kwa kukadiria seva ilikuwa gizani kwa muda gani, na kadiri sampuli zinavyokaribiana ndivyo makadirio yanavyokuwa mazuri. Upande wa pili ni kwamba faili iliyokuwa ikiandikwa wakati umeme unakatika inaweza kuharibika na sar ikakataa kuisoma, kwa hiyo hili si badala ya betri nzuri.

Kwa sar -q, inayoonyesha wastani wa mzigo wa dakika 1, 5 na 15, onyo moja latosha. Kwenye Linux namba hizo, tangu mwaka 1993, huhesabu pia michakato iliyokwama ikisubiri bila kuweza kukatizwa, mara nyingi ikisubiri diski, na si ile tu inayopigania prosesa. Mzigo wa 12 kwenye seva ya viini vinne unaweza basi kuwa habari ya diski na wala si ya prosesa. Safu ya blocked iliyo mwishoni mwa jedwali hilohilo husaidia kutofautisha hayo mawili.

Jambo ambalo sysstat hailiwezi, angalau kwa kumbukumbu zake za kawaida, ni kumtaja mhusika. Itakuambia kwamba saa nne na robo prosesa ilijaa. Haitakuambia ni mchakato gani ulioijaza. Amri ya pidstat iliyomo humo hutoa majina, kwa mfano pidstat -u 5 kwa prosesa na pidstat -d 5 kwa diski, lakini ni ya kutazama papo hapo, na anayetaka kumbukumbu zake lazima aandike mpango wake wa kuzihifadhi. Kwa kazi hiyo atop ya Gerlof Langeveld ni bora: nayo huhifadhi faili za kila siku, ila huweka ndani yake michakato yenyewe, na hesabu za michakato zikiwa zimewashwa huweza kuonyesha hata ile iliyokwisha kufa kati ya sampuli mbili. Gharama yake ni faili kubwa zaidi na skrini iliyosongamana ambayo huchukua muda kuizoea. Mimi huziweka zote mbili: sar ya kujua lini, atop ya kujua nani. Wanaopenda htop wasinielewe vibaya. Ni nzuri kuliko top kwa macho na kwa kidole, lakini nayo haina kumbukumbu, hivyo haimo katika mashindano haya.

Wenye Unix za kibiashara, ambao bado wapo katika taasisi kubwa, wataikuta sar bila kusakinisha kitu cha ziada, lakini wasihamishe usomaji wao wa Linux bila kutazama mwongozo wa mfumo wao. Kwenye Solaris, tangu toleo la 10, safu ya %wio husoma sifuri daima, na anayeitafuta humo dalili ya diski iliyochoka hataipata kamwe. Kwenye AIX iliyogawanywa kwa wapangaji, asilimia huwa na maana tu zikisomwa pamoja na safu ya physc, inayosema ni kiasi gani cha prosesa halisi kilichotumika.

Kuhusu mwonekano, usitarajie urembo. sar ni majedwali ya herufi tupu, na mkurugenzi wa sacco hatayasoma. Hata hivyo, sadf -g hutoa grafu za SVG zinazofunguka katika kivinjari chochote, na grafu moja ya %iowait ya asubuhi ya tatizo ilimaliza mjadala wa seva mpya katika kikao haraka kuliko maelezo yoyote ya mdomo. sadf -d hutoa data inayoingia kwenye lahajedwali, vitu vikitenganishwa kwa nukta mkato, na sadf -j hutoa JSON kwa wanaotaka kuandika programu zao. Ukisasisha mfumo na toleo jipya likakataa faili za zamani, sadf -c huzigeuza, jambo linalofaa kufanywa mara moja kabla hujahitaji kuzilinganisha. Mwongozo wake ni wa Kiingereza, ni mrefu, na ni mkavu, lakini maana ya kila safu imeelezwa kwa usahihi kuliko katika mafunzo mengi yanayozunguka mtandaoni.

Mahali ambapo singeipendekeza peke yake ni penye seva nyingi. Kila mashine huhifadhi faili zake na kuzisoma peke yake. Hakuna skrini moja ya kuzionyesha zote, wala hakuna anayekutumia ujumbe wa simu prosesa inapojaa. Anayesimamia seva kumi na zaidi, au anayetaka kuamshwa usiku, atahitaji mfumo wa kufuatilia seva nyingi kama Prometheus pamoja na node_exporter, na mashine ya ziada ya kuvitunza. Kwa ofisi yenye seva moja au mbili, kama hizi zangu za Kisumu na Nakuru, naona gharama hiyo haina sababu: sysstat ikiwa imewashwa siku ya kwanza, ikiandika kila dakika na kutunza angalau siku 60, hujibu maswali karibu yote ambayo wenye biashara huniuliza, na mengine hujibiwa na atop.